Tangi Likifika Nusu

Mtaani walimwita Paka kwa sababu alikuwa ametembea juu ya mapaa ya watu miaka mingi bila kuvunja kigae wala shingo. Alikuwa mnene kidogo kwa jina hilo, na mkewe alizoea kumtania kwamba paka wa aina yake hukamatwa na panya. Lakini akishapanda ngazi, unene ule ulisahaulika. Alijua pa kukanyaga, pale kigae kimoja kinapolalia kingine na chini yake kuna ubao. Alijua pia kwamba kuvu ikilowa inateleza kuliko sabuni, kwa hiyo hakupanda bila kamba hata siku moja. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye watu walisema mengi.

Tatizo lilikuwa upande wa pili wa kamba. Zamani ulishikwa na mdogo wake, lakini mdogo mtu alipata kazi ya ulinzi yenye kiti na kivuli, akaaga. Paka akabaki na mkewe, ambaye hata akila akashiba haongezeki kitu. Walijaribu mara moja tu. Paka alipoegemea kamba, mkewe aliburutwa kutoka jikoni mpaka ukutani, na wote wawili wakacheka mpaka wakakaa chini. Ndipo Paka akapata wazo la tangi. Tangi la maji likijaa hata wanaume kumi hawalisogezi, na kila nyumba yenye paa la vigae ina tangi nyuma. Unalizungushia kamba kiunoni, unaipitisha juu ya kofia ya paa kule kileleni, unaweka gunia pale inapopinda ili vigae visiikate, kisha unashukia upande wa mbele ukiwa umejifunga na ncha ya pili. Ukiegemea, inakushika.

Ila maji ya kuoshea paa yalitoka kwenye tangi hilohilo.

Paka hakuwa mjinga, hilo alilijua, na ndiyo maana mkewe alikuwapo. Yeye aliwasha pampu na kulinda tangi. Tangi jeusi halionyeshi maji, kwa hiyo alichora mstari wa chaki katikati na kuligonga kwa kifundo cha kidole. Penye maji paliitika kwa sauti nzito, na pakavu palilia kama debe tupu. Mstari ukianza kulia hivyo, alizima pampu na kupiga kelele, “Nusuuu!” Paka alipanda mpaka kileleni, akakaa kama aliyepanda punda, akasubiri maji ya bomba yalijaze tena. Sauti ya mkewe ilikuwa na sifa zake. Ikitoka, mbwa wa nyumba ya tatu walibweka.

Siku hiyo walikuwa kwa Madam, nyumba ya lango jeusi. Mvua zilikuwa zinakaribia, mifereji ya paa ilikuwa imeziba kwa majani, na vigae vilikuwa vimeota kuvu mpaka nyumba ikaonekana kama imevaa sweta la kijani. Walipofika walionyeshwa choo cha nje na kikombe cha plastiki chao wenyewe, kilichowekwa mbali na vikombe vingine. Paka alikunywa maji, akakigeuza kikombe na kukichungulia chini.

“Kizuri,” alimwambia mkewe. “Hakivunjiki. Wametujali.”

Mkewe akamsukuma bega, akicheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho, kikumbukeni, kwa sababu hakuna kingine katika nyumba hii ninachoweza kukisimulia.

*

Madam hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wageni. Mfanyakazi wake wa ndani alikuwa ameondoka ghafla wiki hiyo, mashangazi wa mumewe walikuwa njiani, na birika la maziwa lilikuwa limemwagika sebuleni mpaka chini ya kochi. Alitoka mlango wa jikoni akiwa ameshika kitambaa kana kwamba kimemng’ata.

“Dada! Hebu njoo mara moja unisaidie.”

“Nipo na tangi, Madam.”

“Tangi?”

“Nalilinda. Likifika nusu lazima nimwite mzee ashike juu.”

“Kwani tangi lina miguu? Litakwenda wapi? Dakika mbili tu, jamani, wageni wako kona ile. Au nitafute watu wengine wa paa, wanaojua kusaidiana?”

Mke wa Paka aligonga tangi. Juu kidogo ya mstari palikuwa pamelia, kwenye mstari bado. Akainua uso, akaita, “Baba watoto!” lakini pampu ilikuwa inanguruma na Paka alikuwa ng’ambo ya paa, na hakuita kwa ile sauti yake, kwa sababu Madam alikuwa amesimama karibu na kuna sauti ambayo mtu haipigi mbele ya wenye nyumba. Angeweza kuzima pampu. Alilifikiria hilo. Lakini pampu ikizimwa Paka angeshuka kuuliza kuna nini, na Madam angeona kazi imesimama. Dakika mbili, akajiambia. Akavua kandambili mlangoni, akaingia.

Maziwa yalifutwa. Halafu kulikuwa na bilauri za kusuuza. Halafu Madam akasema, kwa upole kabisa, “Na hilo pazia, dada, nipandishie, wewe mwepesi.” Mke wa Paka alikuwa juu ya stuli, mikono yote miwili kwenye pazia, alipokumbuka tangi. Akaanza kushuka. Wakati huohuo ukasikika mburuzo nyuma ya nyumba, mlio mrefu wa kitu kikubwa chepesi kinachokokotwa juu ya saruji. Bomba likakatika. Kisha mbele, upande wa sebule, kitu kizito kikaanguka kwenye ukingo wa baraza.

“Tangi langu!” alipiga kelele Madam.

Hatumlaumu kwa hilo. Yeye alikuwa jikoni, na dirisha lake lilitazama nyuma. Aliyekuwa anatazama mbele ni mke wa Paka, na alimwona mumewe amelala chali, kamba bado imemfunga vizuri kiunoni, fundo halijalegea hata kidogo.

*

Daktari aliongea na jamaa wa Paka koridoni, akiwa amesimama, kwa sababu viti vilikuwa vimejaa. Alisema uti wa mgongo umeumia chini ya kiuno. Alisema mikono ni mizima, kichwa ni kizima. Mama yake Paka, aliyekuwa amefika na mkoba wake wa nguo, alisubiri aendelee.

“Na miguu?” akauliza.

“Miguu ndiyo hiyo, mama.”

“Ndiyo ipi?”

“Haitarudi.”

Mama mtu akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha akakaa sakafuni, mkoba mapajani.

Mke ndiye aliyeingia kwanza wodini. Alikuwa amepanga maneno njiani. Angemwambia kila kitu, kuhusu maziwa, bilauri, pazia, na angemwambia kabla hajaulizwa. Lakini Paka alifumbua macho na kumtangulia.

“Ulipiga kelele?”

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetafuta kitu chake kilichopotea, akitumaini mwenzake amekiona.

“Nilipiga,” akasema mkewe.

Neno lilitoka lenyewe. Angelirudisha palepale, lakini uso wa mumewe ulikuwa umelegea kwa namna ambayo hakuwa ameiona tangu aanguke.

“Basi sikusikia,” Paka akasema. “Pampu ile. Na haya masikio. Ndiyo, hata kule kwenye paa la mwalimu mkuu uliita mara mbili, unakumbuka?” Akafumba macho. “Nilijua tu. Nilijua wewe huwezi kuacha tangi.”

Mkewe alishika mkono wake na kulia, na mama mtu alipoingia aliwakuta hivyo, akafikiri ni kwa ajili ya miguu.

*

Walimrudisha kwenye vyumba vyao viwili. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao, kwa muda, walisema, ingawa shangazi mwenyewe aliuliza kuhusu uhamisho wa shule. Paka alilazwa chumba cha mbele karibu na dirisha. Mama yake alijifunza kumpangusa mgongo, lakini kumgeuza hakuweza, mgongo wake mwenyewe ulikuwa umechoka. Kugeuza ilikuwa kazi ya mke. Yule mwepesi aliyeburutwa na kamba sasa alipitisha mikono chini ya mwili ule mzito, akahesabu kimoyomoyo, akauviringisha, asubuhi na jioni na katikati ya usingizi wake.

Wageni walikuja. Kila mmoja aliuliza ilikuwaje, na kila mmoja Paka alimjibu, “Masikio, ndugu yangu. Mama watoto aliita, mimi sikusikia.” Basi ikaenea mtaani kwamba Paka amekuwa kiziwi. Kuanzia hapo watu walisimama mlangoni wakipayuka.

“POLE SANA!”

“Ahsante.”

“MUNGU YUPO!”

“Yupo.”

Fundi viatu wa jirani, mtu mwenye heshima zake, aliinama mpaka sikioni mwa mgonjwa na kumwambia habari za bei ya soli kwa sauti ya mnadani. Mama yake akamsemesha hivyo pia, na mwishowe mkewe, kwa sababu angeongea kawaida angeulizwa kwa nini. Nyumba ikawa ya makelele. Katikati yake alilala mtu aliyesikia kila kitu na kukunja uso kila alipoulizwa kama ana kiu.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kupima mambo. Hakuwa mama mkwe wa kwenye hadithi. Alimpenda mke wa mwanawe, au alikuwa amemzoea, na mara nyingi ni kitu kimoja. Siku moja walikuwa wanafua pamoja nyuma ya nyumba.

“Wewe na sauti yako ile,” akasema akikamua shuka. “Ukimwita mwuza mkaa anakuja na wa mtaa wa pili.”

“Pampu ilikuwa inanguruma, mama.”

“Pampu si unaizima kwanza? Si ndivyo mlivyofanyaga?”

Mke wa Paka alisugua shuka palepale palipokwisha kutakata.

“Niliizima baadaye,” akasema.

Mama mkwe akachukua ndoo.

*

Akiba iliisha upesi, kama ilivyotarajiwa, na tusiipigie mahesabu hapa. Mke wa Paka alikwenda kwenye lango jeusi. Alisimamishwa nje, mlinzi akaingia kuuliza, akarudi, akamwambia asubiri, akasubiri. Madam alimpokea barazani. Ukingo ulikuwa umepigwa rangi upya.

“Nimekuwa nikiwafikiria,” Madam akasema, na huenda ni kweli. “Mzee anaendeleaje?”

“Yuko vilevile, Madam. Nimekuja kuomba jambo.”

“Tangi lilipasuka, unajua. Sikuwadai. Mume wangu alitaka niwadai.”

“Ahsante, Madam. Naomba tu uje nyumbani siku moja. Umwambie wewe mwenyewe kwamba uliniita ndani. Ukisema wewe, atajua sikuacha tangi kwa uzembe. Nikisema mimi...”

Madam alitazama lango, kisha mlango uliokuwa nyuma yake, kisha akashusha sauti.

“Dada, tusifukue. Mume wangu anajua mlifunga kamba vibaya, basi. Akijua nilikutoa kazini kwa ajili ya maziwa, nyumba hii haitakalika. Na mimi sikujua. Ungeniambia vizuri ningekuelewa. Ulisema unalinda tangi! Nani analinda tangi?” Macho yake yalikuwa na machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. “Ila nafasi ya ndani bado iko wazi. Njoo ufanye kazi hapa. Kila siku, mshahara wa uhakika. Ya siku ile tuyaache.”

Mke wa Paka alikuwa amekuja kutafuta shahidi, akapewa kazi. Alisimama akatafuta hasira moyoni mwake, akaikuta, lakini nyuma ya hasira kulikuwa na dawa za vidonda vya mgongo na kodi ya vyumba viwili. Akasema ahsante. Akauliza aanze lini.

Wiki hiyohiyo walikuja watu wa kumalizia paa, vijana wenye kofia ngumu na mikanda ya kifuani. Walitoboa ukuta, wakafunga pete za chuma, wakajifunga hapo. Hawakuhitaji mtu wa kulinda kitu. Kuvu iliyoanguka kutoka juu ilitapakaa ua mzima, na mke wa Paka akaifagia.

*

Jumapili alasiri mama mkwe alikuwa kizingitini akichambua mchele, na mke wa Paka alikuwa amemaliza kumgeuza mumewe. Paka hakuachia mkono wake.

“Kuna kitu kinanisumbua,” akasema.

“NINI?”

“Usipige kelele. Nisikilize. Usiku nasikia panya darini. Nasikia yule mtoto wa vyumba vya nyuma akikohoa. Jana nimesikia sindano ya fundi viatu ikianguka. Sasa kiziwi gani anasikia sindano?”

Mama mkwe aliacha kuchambua.

“Labda ni sauti za mbali tu sizisikii,” Paka akaendelea. “Labda ni zile za juu. Sijui. Nataka kujua, mama watoto. Nimelala hapa na sina kazi nyingine ila hiyo. Kama ni masikio yangu, basi nimejiangusha mwenyewe na yameisha, nitalala. Nenda pale mwisho wa uchochoro, nyuma ya bafu. Ni kama kutoka kwenye tangi lile mpaka nilipokuwa. Piga kelele kama ulivyopiga siku ile. Ileile.”

“Baba watoto, watu watashangaa.”

“Wamezoea. Nenda.”

Alitoka. Alipita mbele ya mama mkwe bila kumtazama, akaenda mpaka mwisho wa uchochoro, akasimama nyuma ya bafu la mabati. Kutoka pale dirisha lao lilionekana upande mmoja tu, pazia likipepea. Akavuta pumzi. Alijua wazi kabisa kwamba akipiga atasikika. Sauti ile ingefika, na mumewe angejua kwamba ingefika siku ile pia, na kwamba haikupigwa. Asipopiga, atakuwa amemzika mzima ndani ya masikio yake. Hakukuwa na njia ya tatu. Aliitafuta, akiwa ameshika bati la bafu, na mama mkwe akiwa amegeuka kizingitini anamtazama moja kwa moja, sinia mapajani.

Alibana midomo. Akahesabu kama alivyohesabu akimgeuza. Kisha akashusha pumzi yote bila sauti na kurudi.

“Vipi?” Paka akaita kutoka ndani. “Umeshapiga?”

Mkewe alisimama mbele ya kizingiti. Alifungua mdomo wake, lakini aliyejibu ni mama mkwe.

“AMEPIGA, MWANANGU. MPAKA NIMESHTUKA NIKAMWAGA MCHELE.”

Ndani kitanda kikalia kidogo.

“Sikusikia kitu,” Paka akasema. “Basi. Ni masikio.”

Mama mkwe alimshika mke wa mwanawe kwa upindo wa kanga, akamvuta chini mpaka nyuso zao zikakaribiana, na kumnong’oneza kwa sauti ambayo hata kuku waliokuwa wanadonoa miguuni pake hawakuinua vichwa.

“Nimekuona. Hukufungua hata mdomo, na siku ile hukufungua. Ningekuwa na nguvu za kumgeuza mwanangu, ungekuwa umeshafungasha. Sina. Wala sina wa kutulisha. Kesho usichelewe kazini.”

Akamwachia. Akarudi kwenye mchele wake, ambao haukuwa umemwagika hata punje.

Paka, dirishani pake, alisikia kila neno. Alilala akitazama dari, machozi yakimshuka kuelekea masikioni, na hakuyafuta. Alifikiria kusema. Alifikiria pia nani angemgeuza jioni hiyo. Kisha akakohoa na kuuliza kwa nguvu, kama viziwi waulizavyo:

“MNASEMAJE HUKO NJE?”

Mkewe akainua kichwa. Sauti ilimtoka yote, ileile, mbwa wakabweka, na watu wakachungulia milangoni kote uchochoroni.

“HATUSEMI KITU!”